Wifi Imekataa

Sentensi iliyoleta matatizo yote haya ilikuwa fupi, yenye adabu, na imeandikwa kwa Kiswahili. Ilijitokeza Jumatatu asubuhi katikati ya kioo cha kompyuta, ndani ya kijisanduku cha kijivu, na Dorosela akaisoma kwa sauti kama anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Sera ya mfumo inazuia kubadili mtandao kwa watumiaji wote. Ingiza neno la siri la msimamizi."

"Tumshukuru Mungu," akaitikia Stella kutoka kwenye kochi.

"Stella, sitanii."

"Hata mimi sitanii, mama. Inayotania ni hiyo mashine."

Stella alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya masista, na likizo hii alikuwa amerudi nyumbani na nguo chafu, njaa, na tabia ya kuitikia kila kitu. Mama yake alimtazama, akaamua kutopoteza pumzi, akabofya tena jina la mtandao. Kijisanduku kikarudi. Akabofya mara nyingine. Kikarudi vilevile, bila hasira, kama mlinzi wa geti anayejua kwamba wewe ndiye utakayechoka kwanza.

Chumba walichokuwamo ndicho kilichowalisha. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao ya Lyamkena, Makambako, mlango wake ukitazama barabara, na juu ya mlango Ambrose, mume wa Dorosela, aliandika kwa mkono wake: MTEWELE STESHENARI. TUNACHAPA. TUNATOA KOPI. HUDUMA ZA MTANDAONI. Watu waliingia kwa ajili ya hizo za mwisho. Wanafunzi walikuja kuomba vyuo, wakulima wa parachichi kutafuta namba za hili na lile, na mabibi kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya wajukuu. Kisha Ambrose akafariki ghafla. Mtandao uliokuwa kwa jina lake nao ukakatwa, maana kampuni za mtandao haziombolezi. Tangu hapo watu walipita mlangoni, wakachungulia, wakaambiwa "bado," wakaenda zao stendi.

Kama jambo lingeishia hapo, lingekuwa shida ya kawaida. Lakini ukoo ulikuwa umeketi, na kaka mkubwa wa marehemu, Mwalimu Xaveri, alikuwa ametamka neno ambalo Dorosela hakuweza kulisahau: "Duka lisilofanya kazi si duka, ni chumba." Alitoa muda hadi Jumamosi. Ikifika Jumamosi bado hakuna kazi, chumba kingepangishwa kwa Masumbuko, muuza pembejeo, na kompyuta ingeuzwa. Dorosela angebaki na vyumba vya nyuma, na kila alichohitaji, hata sabuni, angekipata kwa kupelekewa. Alikuwa amewaona wajane wanaopelekewa sabuni. Hata kuoga walioga kwa shukrani.

Ndiyo maana jana yake, akitoka misa, alivuka barabara hadi nyumba ya wageni ya Mzee Ebeneza kuomba atumie mtandao wake, ambao mawimbi yake yalifika hadi dukani. Mzee Ebeneza alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja: wema wake ulikuwa na sauti kubwa.

"Mama Stella! Umekuja kuomba intaneti?" alipaza sauti kutoka mapokezi, na wageni watatu waliokuwa wakinywa chai wakageuka kumtazama muombaji. "Usione haya! Jirani ni jirani! Andika neno la siri: usiguse. Herufi ndogo zote."

"Nisiguse nini, mzee?"

"Ndilo neno lenyewe. U-si-gu-se. Nimeliweka mwenyewe, hata wezi wanashindwa kuuliza."

Kwa hiyo neno la siri la Mzee Ebeneza alikuwa nalo. Kompyuta ilitaka jingine, la msimamizi.

"Msimamizi ndiyo nani?" Stella aliuliza.

"Kwani yuko mwingine?" alisema Dorosela. "Baba yako mkubwa. Si ulikuwepo mahakamani? Hakimu alisoma mbele yetu sote. Xaveri Mtewele ndiye msimamizi wa mirathi, na lolote la mali ya marehemu lipitie kwake. Hii kompyuta si mali?"

"Ni mali."

"Basi."

Hoja haikuwa na mahali pa kushika. Kompyuta ilikuwa mali, mali ilikuwa na msimamizi, na sasa mali yenyewe ilikuwa imemwita msimamizi wake kwa cheo. Dorosela alijua kuchapa haraka kuliko mtu yeyote Lyamkena, lakini mambo ya ndani ya mashine yalikuwa ya Ambrose. Ambrose ndiye aliyeweka humo mfumo wa Linux, kwa kuwa ulikuwa wa bure na virusi vya flashi za wanafunzi haviuwezi. Yeye ndiye aliyeugeuza uongee Kiswahili ili mkewe asibabaike. Enzi zake kijisanduku hiki hakikuwahi kutokea.

Stella, kwa upande wake, alihisi kuna kitu hakijakaa sawa. Lakini shuleni kwao kompyuta ilifundishwa kwa kuchorwa ubaoni, na msimamizi hakuchorwa. Zaidi ya hapo, alitamani sana kumwona baba mkubwa akiitwa na mashine. Akanyamaza.

Dorosela alichukua simu yake ya kitochi, akaandika kwa uangalifu: *Shikamoo shemeji. wifi imekataa. inamtaka msimamizi.*

* * *

Ujumbe ulimkuta Mwalimu Xaveri nyumbani kwake mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, amekaa karibu na jiko la mkaa ndani ya koti alilostaafu nalo. Nje ukungu ulikuwa umekalia paa kana kwamba umelipa kodi. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

Mwalimu Xaveri alikuwa amefundisha Kiswahili muda mrefu kiasi kwamba hakuweza tena kusoma kitu bila kukisahihisha. Risiti alizisahihisha. Matangazo ya misiba aliyasahihisha, ingawa kimoyomoyo. Na hapa mbele yake palikuwa na kosa la ngeli ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeona aibu nalo.

"Wifi *imekataa*," aliliambia jiko. "Mtu haambiwi imekataa. *Amekataa*, Dorosela. A-WA. *Anamtaka* msimamizi."

Alipokwisha kulisahihisha, sentensi ikawa safi kabisa na maana yake ikawa wazi. Wifi wa Dorosela alikuwa mmoja tu, Scolastika, dada yao wa mwisho, muuza masweta ya mitumba sokoni Njombe. Scolastika alikuwa amekataa. Amekataa nini? Kupangisha chumba, bila shaka. Na badala ya kuja kwa kaka yake, ambaye nyumba yake ni mwendo wa kutembea tu kutoka sokoni, alikuwa amepitia kwa mjane. Mwalimu akapiga simu.

"Scolastika, umekataa nini?"

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekataa nini?"

"Nimekataa nini kwani?"

"Ndicho ninachokuuliza."

"Kaka, nina mteja hapa ana kichwa kikubwa, sweta limemkwama usoni. Nikupigie?"

"Dorosela ameniandikia. Wifi amekataa, anamtaka msimamizi. Sasa mimi msimamizi nipo. Kama una la kusema kuhusu nyumba ya marehemu, liseme kwangu, usimtume mke wa mdogo wangu kama karani wako."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayevutwa kutoka ndani ya sweta.

"Tangu tuondoe matanga sijaongea na Dorosela," alisema Scolastika polepole. "Hata kikao cha kwanza sikuja. Nilisema nyie wakubwa mtayamaliza. Kwani mnataka kuifanya nini hiyo nyumba?"

"Usijifanye hujui," alisema Mwalimu, akakata simu kwa heshima ya cheo chake.

Scolastika hakuwa na mpango wowote wa kwenda Makambako Jumamosi. Sasa akawa nao.

Baada ya hapo Mwalimu alimpigia Dorosela kumpa pole kwa usumbufu wa wifi yake, na ilichukua muda mrefu mpaka wakaelewana.

"Si wifi Scolastika, shemeji. Ni wifi ya kompyuta. Waifai. Mtandao."

"Ungeandika mtandao."

"Samahani, shemeji. Imeandikwa hivyo kwenye kioo."

Mwalimu alikohoa. Ingekuwa vizuri ampigie Scolastika na kumwambia hakukataa kitu. Lakini mtu aliyezoea kusahihisha wengine hana mazoea ya kupiga simu ya pili kwa jambo lilelile. Isitoshe, kitu kingine kilikuwa kimemgusa.

"Unasema kompyuta inanitaka mimi?"

"Ndiyo, shemeji."

"Kwa jina?"

"Kwa cheo. Imesema neno la siri la msimamizi."

Mwalimu Xaveri aliangalia mkaa. Tangu astaafu, hakuna aliyemtaka kwa cheo. Watu walimtaka awaazime ngazi. Walimtaka asogeze mbuzi wake. Ukoo wenyewe ulimchagua kuwa msimamizi kwa sababu wengine wote walikuwa na kazi za kufanya. Na sasa kitu cha kisasa, kinachotumia umeme, kilikuwa kimekataa kusogea hata hatua moja mpaka yeye afike.

"Mambo kama haya hayafanyiki kwenye simu," alisema. "Yana utaratibu wake. Nitakuja Alhamisi."

* * *

Alhamisi upepo wa Makambako ulikuwa kazini kama kawaida yake, ukibeba vumbi la barabara na kuwagawia watu wote bila upendeleo. Mwalimu alishuka kwenye basi dogo la Kosta akiwa ameshika kofia kwa mkono mmoja na bahasha ya kaki kwa mkono mwingine. Dukani alimkuta Masumbuko, muuza pembejeo, amepiga magoti anapima ukuta kwa futi kamba.

"Sijaja kuharakisha mtu, Mwalimu," alisema Masumbuko. "Napima tu. Rafu za mbolea zinahitaji ukuta wa kueleweka."

"Pima," alisema Mwalimu.

Dorosela alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifunga ndani ya khanga. Mtu anapimiwa chumba chake mbele ya macho yake, na kwa kuwa ni mwenyeji anatakiwa pia amkaribishe mpimaji chai. Aliwakaribisha chai. Masumbuko alitaka sukari zaidi.

Kwenye benchi walikuwa wamekaa wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne. Walikuwa wamesikia kwamba leo mtandao unafunguliwa na wakaja kuwahi. Kwa hiyo hadhira ilikuwepo.

Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta. Alivua kofia. Akafungua bahasha, akatoa barua ya mahakama ya mwanzo iliyomteua, akailaza kando ya kibodi huku muhuri umetazama juu. Hakuna aliyejua kwa nini aliiweka hivyo. Pengine hata yeye hakujua, lakini palionekana panapendeza. Dorosela akabofya jina la mtandao, kijisanduku kikatokea, na Mwalimu akakisoma kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hakukuta kosa. Hilo lilimpa moyo.

Akaandika *xaveri*.

*Samahani, haijafanikiwa. Tafadhali jaribu tena.*

"Ina adabu," alisema.

"Sana," alisema Dorosela kwa matumaini.

"Ni jina la mtu. Lianze kwa herufi kubwa." Akaandika *Xaveri*. Kompyuta ikasamehewa, ikaomba samahani tena. Akaandika jina lake na la baba yake. Akaandika *msimamizi*. Akaandika *mirathi*. Kila mara mashine iliomba samahani kwa maneno yaleyale. Kufikia samahani ya tano hapakuwa tena na mtu ndani ya chumba aliyeiona kuwa na adabu.

"Baba mkubwa," alisema Stella kutoka nyuma, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa, "labda inataka kuona muhuri."

Na mkono wa Mwalimu ukaifuata barua.

Ulikuwa mwendo mdogo. Uliishia njiani, vidole vikagusa ukingo wa karatasi tu, kisha vikarudi. Lakini wote waliuona. Msichana mmoja kwenye benchi aliingiza uso ndani ya shali yake, mabega yakaanza kutikisika. Masumbuko hakuwa na shali.

"Mwalimu!" alicheka, futi kamba ikijikunja yenyewe mkononi mwake. "Leo mashine imekufelisha!"

Masikio ya Mwalimu Xaveri yalikuwa makubwa, na yote mawili yalibadilika rangi. Alikunja barua. Aliirudisha ndani ya bahasha, ikakataa kuingia, akaikunja tena.

"Shemeji," alisema Dorosela haraka, "yuko fundi pale stendi. Anasema anaweza kufuta kila kitu, aanze upya. Nitapoteza kazi zote za Ambrose, barua za parokia, kila kitu, lakini angalau..."

"Mali ya mirathi haifutwi."

"Basi niambie nifanye nini."

"Kompyuta hii ni mbovu." Alikuwa amesimama, na kofia aliivaa vibaya. "Jumamosi tunakaa. Masumbuko, maliza kupima."

Alipoondoka, wasichana nao waliondoka, na Masumbuko alimaliza kupima. Ndipo Stella alipoacha kucheka. Hakuambiwa aache. Aliona mama yake amekaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la baba mkubwa, anatazama mahali Masumbuko alipochora alama ya chaki ukutani.

"Umemcheka mbele za watu," alisema Dorosela bila kugeuka, "na Jumamosi mtu huyohuyo ndiye atakayesema tunaishi vipi."

Stella alikwenda kuosha vikombe, akaviosha mara mbili.

* * *

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Dorosela alifunga mlango wa duka kwa ndani na kukaa mbele ya mashine. Hakuwa na mpango. Alikuwa na hasira tulivu, ile inayomfanya mtu aanze kusoma vitu alivyokuwa akivipita siku zote.

Ambrose hakuwahi kumzuia kusoma. Alisema tu, "Achana na huko, mama Stella, huko ni kwangu," na yeye akaachana nako kwa miaka yote kwa sababu lilisemwa kwa upendo. Sasa alifungua ukurasa wa mipangilio. Akafungua ukurasa wa mtandao. Aliona palipoandikwa *Jumla*, na *Usalama*, na maneno mengine ambayo waliotafsiri walichoka wakayaacha kwa Kiingereza. Alisoma yote, hata ya Kiingereza, akiyatamka taratibu. Stella alivuta stuli akakaa kando yake bila kuitikia kitu.

Chini kabisa ya ukurasa wa *Jumla* palikuwa na kiboksi kidogo chenye tiki, na mbele yake maneno: *Watumiaji wote wanaweza kuunganisha mtandao huu.*

Dorosela aliyaangalia muda mrefu.

"Sentensi ile ilisemaje?" aliuliza. "Ile ya kijivu."

"Sera ya mfumo inazuia kubadili mtandao kwa watumiaji wote."

"Kwa watumiaji wote."

"Ndiyo."

"Watumiaji wote ni akina nani?"

Stella alihesabu kwa vidole. "Wewe. Mimi nikiwa likizo. Na baba." Kidole cha tatu kilibaki hewani, akakikunja.

Nje upepo ulisukuma mlango, ukauacha. Dorosela alikuwa akifikiria jambo ambalo halikuwa la kompyuta. Alifikiria jinsi alivyosimama mbele ya ukoo na kusema *tunaomba*. Tunaomba mtuachie duka, mtufikirie, mtusubiri. Siku zote aliomba hivyo, kwa wingi, kwa niaba ya nyumba nzima, kwa sababu ndivyo mwanamke mwenye adabu anavyoomba. Na kila alipoomba kwa niaba ya nyumba nzima, alitafutwa mwanaume wa kuidhinisha.

"Kwa mfano nisiwaombee wote," alisema.

"Mama?"

"Niombe mimi tu. Ya kwangu."

Aliondoa tiki. Kiboksi kikabaki kitupu. Akabonyeza *Hifadhi* na kurudisha mkono mapajani, akingoja kile kijisanduku cha kijivu kama mtu anayengoja kofi analolifahamu.

Hakikuja.

Kilikuja kingine, kidogo, kikiuliza neno la siri la wifi tu. Dorosela aliandika *usiguse*, herufi ndogo zote. Alama iliyokuwa kwenye pembe ya kioo ilijizungusha, ikafikiria, kisha mistari yake ikajaa mmoja baada ya mwingine.

Hawakupiga kelele. Stella alifungua ukurasa wa habari za hali ya hewa, ili kuhakikisha, na wote wawili wakasoma kwa makini sana kwamba Makambako kulikuwa na upepo.

"Kwa hiyo muda wote huu," alisema Stella, "ya watu wote inamtaka msimamizi, lakini ya mtu mmoja..."

"Haimtaki mtu," alisema Dorosela. "Fungua mlango. Kawaite wale wasichana."

* * *

Jumamosi ukoo ulikuta foleni. Wale wasichana walikuwa wamewaambia wenzao, na wenzao hawakuja peke yao. Mwalimu Xaveri na wazee wawili aliokuja nao ilibidi waombe njia kuingia katika chumba walichokuja kukiamulia, na kijana mmoja akawaambia kwa ukali kwamba mwisho wa foleni ni kule nje. Masumbuko alikuwa amefika na fundi seremala. Waliamua kusubiri nje.

"Shikamooni," alisema Dorosela bila kuacha kuchapa. "Karibuni. Stella, wapishe wazee benchi."

Mwalimu aliangalia kioo. Kilikuwa kimefunguka kwenye ukurasa wa maombi ya chuo, picha na kila kitu.

"Nani amekuruhusu?" aliuliza.

"Hakuna, shemeji."

"Neno la siri la msimamizi umelipata wapi?"

"Sijalipata. Nimeondoa tiki."

"Tiki gani?"

"Ya watu wote. Huu mtandao si wa watu wote. Ni wangu."

Wazee walitazamana. Neno *wangu* lilikuwa limetoka kinywani mwa mjane mbele ya kikao, na hakuna aliyejua kama lilihusu mtandao peke yake. Mwalimu alifungua mdomo kulisahihisha, lakini kisarufi halikuwa na kosa.

Wakati huo mlangoni paliingia furushi la masweta, na nyuma ya furushi alikuwepo Scolastika.

"Kaka," alisema, akitua furushi lake juu ya mashine ya kopi, "ulinipigia ukasema nimekataa. Nikakaa nikijiuliza nimekataa nini. Nikauliza watu. Nikaambiwa mnapangisha hiki chumba kwa muuza mbolea."

"Scolastika, yale yalikuwa makosa ya..."

"Subiri. Wakati unanisingizia nilikuwa sijakataa. Sasa nimekuja nimeona kwa macho. Watu wamejaa mpaka barabarani, mtoto wa shule anagawa namba, wifi yangu hana hata nafasi ya kujikuna. Hiki ndicho ulichosema ni chumba tu?" Aliwageukia wazee, akawasalimu kwa kilugha. "Kamwene, wazee. Mimi ni dada wa marehemu. Nimekataa. Nataka iandikwe."

Mzee mmoja, ambaye hadi hapo alionekana kusinzia, alicheka hadi akakohoa. Mwingine alisema kwamba kweli yeye alikubali kupangisha kwa sababu aliambiwa duka limekufa, lakini duka aliloliona leo lilikuwa limemkanyaga kidole. Mazungumzo hayakuwa marefu. Walikubaliana duka libaki mikononi mwa Dorosela hadi mirathi ifungwe, na likiendelea hivi, hata baada ya hapo. Scolastika alilazimisha hayo maneno ya mwisho. Mwalimu aliyatamka mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye msimamizi, kisha akatoka kumwambia Masumbuko. Alikaa huko nje muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Aliporudi, wazee walikuwa wamekwenda kunywa chai nyumba ya pili na Scolastika alikuwa akiwauzia masweta watu wa foleni. Mwalimu alivuta kiti, akakaa karibu na kompyuta. Hakuwa na bahasha safari hii.

"Dorosela."

"Abee, shemeji."

"Neno lenyewe ni lipi? La msimamizi. Nimelifikiria tangu Alhamisi. Nimejaribu hata tarehe aliyobatizwa baba."

Dorosela aliacha kuchapa. Alifikiria kidogo, kisha akafungua ukurasa mmoja wa mipangilio, ambao jana katika kusoma kwake kote aliufikia akaufunga haraka. Ulionyesha majina ya watumiaji wa mashine ile. Kila jina lilikuwa na picha ndogo, na chini ya picha cheo. Akageuza kioo kidogo ili Mwalimu aone.

*Stella. Kawaida.*

*Dorosela. Kawaida.*

Na juu yao, akiwa na shati lake la Jumapili, akitabasamu kwa aliyempiga picha: *Ambrose. Msimamizi.*

Mwalimu alivaa miwani. Alisogeza uso karibu na kioo kama alivyokuwa akifanya na madaftari yenye mwandiko mbaya, ingawa hapa mwandiko ulikuwa mzuri.

"Kumbe ni yeye," alisema.

"Ndiye, shemeji."

"Kwa hiyo haikuwa inaniita mimi."

Dorosela angeweza kusema mengi. Angeweza kutaja chaki ukutani, au sukari ya Masumbuko. Alitazama masikio yale makubwa, ambayo Ambrose naye alikuwa nayo, na ambayo Stella aliyaficha chini ya kofia.

"Neno lenyewe hakuliandika popote," alisema. "Nimetafuta. Pale kwake hakuna anayeweza kuingia tena, shemeji. Si mimi, si wewe. Mimi naingia kwangu tu."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. Aliendelea kuitazama picha, na midomo yake ikasogea kana kwamba bado anajaribu maneno, moja baada ya jingine. Nyuma yake msichana mwenye cheti mkononi alisubiri kwa adabu, kisha akakohoa, kisha akasubiri tena.

"Sogea kidogo, shemeji," alisema Dorosela kwa upole. "Nimhudumie huyu."

Na Mwalimu Xaveri Mtewele, msimamizi halali wa mirathi ya marehemu, akainua kiti chake kwa mikono miwili, akasogea.